Naomba ushauri: krauni ya zirkonia inatoka na kuacha saruji yote jinoni

Habari zenu madaktari na mafundi wa maabara. Niko kliniki ndogo hapa Ngara na kuna krauni moja imenishinda.

Ni kofia ya jino ya zirkonia (kauri ngumu), gego la pili la chini kulia. Imetoka mara mbili ndani ya miezi minne. Kisiki, yaani jino lililochongwa kubeba krauni, ni kifupi, milimita 3 hivi. Mara zote mbili saruji ilibaki jinoni, na ndani ya krauni kulikuwa kusafi kama sahani iliyooshwa. Kwa hiyo jino silishuku. Kilichoachia ni upande wa zirkonia.

Mara ya kwanza nilitumia saruji ya rezini inayojishika yenyewe, bila praima (kimiminika cha kusaidia saruji ishike). Mara ya pili maabara ilikwaruza ndani ya krauni kwa kupuliza chembe za alumina za maikroni 50 kwa bar 2, nikaijaribisha mdomoni, nikaondoa mate kwa asidi ya fosforiki ya asilimia 37, nikasuuza, nikapaka praima yenye MDP, kemikali inayoungana na zirkonia. Ukavu wa jino wakati wa kubandika ulikuwa mzuri, hapo msinihukumu. Ila fosfeti ya asidi hiyo hung'ang'ania zirkonia na kuinyima MDP nafasi, kama mate yenyewe yanavyofanya. Nadhani hapo ndipo nilipoharibu.

Nikipuliza alumina upya baada ya kujaribisha, yatosha, au bado kuna haja ya dawa maalum ya kusafishia?

Na kwa kisiki hicho, nichonge mifereji ubavuni na krauni itengenezwe upya, au fizi ipunguzwe kwanza? Kukijenga juu haiwezekani, jino la juu limekaribia mno.

Asanteni.