Mtoto anakunywa uji wa lishe kila siku lakini uzito umesimama, naombeni ushauri

mama_neema
Habari zenu wakuu, na akina mama hasa. Niko Mwanza. Binti yangu ana mwaka na mwezi mmoja. Hadi miezi 9 mstari wake kwenye kadi ya kliniki ulikuwa unapanda vizuri. Miezi 10 alikuwa na kilo 8.1. Juzi nimempeleka, mzani ukasoma 8.2. Miezi mitatu, gramu 100 tu! Nesi alichora nukta, akaniambia "mstari umelala mama, mlishe mtoto", akaita mwingine. Foleni ilikuwa ndefu, simlaumu, ila nimerudi nyumbani sijui nianzie wapi, maana kula anakula.

Sijambania mtoto. Nanunua unga wa lishe wa kupimiwa sokoni: mahindi, ulezi, mtama, uwele, mchele, ngano, soya na karanga. Asubuhi kikombe, saa nne kikombe, jioni kikombe. Mchana wali na mchuzi wa maharage au samaki. Katikati biskuti na chai ya rangi kidogo, maana akituona tunakunywa analia. Anaharisha mara moja moja, na usiku tumbo linajaa gesi. Kunyonya niliacha akiwa na miezi 11, nilivyorudi kazini.

Mama mkwe anasema mtoto amebemendwa. Mume wangu amenyamaza tu. Silali.

mkazi_wa_igoma
Pole dada. Usimpuuze mama mkwe, wazee wameona mengi. Mume akitoka nje ya ndoa au ukishika mimba mapema, mtoto lazima adhoofike. Tafuta dawa ya kumwogesha.

nesi_wa_zamu
Mkazi, kwa heshima zote, hapana. Wazee waliona jambo la kweli wakalipatia sababu isiyo yake. Mama alishika mimba, mtoto akaachishwa ziwa ghafla, akabaki na uji mtupu, akakonda. Kilichomkondesha ni kukosa maziwa na chakula. Tendo la ndoa la wazazi halimkondeshi mtoto.

Mama Neema, mimi nimekaa kliniki ya watoto miaka mingi. Nijibu mawili: kikombe kimoja cha uji unaweka unga vijiko vingapi? Na anakunywa kwa nini, chupa au kijiko?

mama_neema
Asante sana dada. Mimba sina. Unga ni vijiko viwili vya chakula kwa kikombe cha robo lita. Anakunywa kwa chupa, tundu la chuchu nimelipanua kwa sindano ili uji upite.

nesi_wa_zamu
Basi shida tumeipata, au sehemu yake kubwa.

Tumbo la mtoto wa kilo 8 linapokea kama mililita 240 kwa mlo, yaani hicho hicho kikombe chako. Vijiko viwili vya unga ni kama gramu 20. Gramu 100 za unga wa nafaka zina kalori 350 hivi, kwa hiyo kikombe kizima kimempa kalori 70, kingine chote ni maji. Tumbo limejaa, mtoto ameshiba kweli, lakini mwili haujapata cha kujengea. Linganisha na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula: kalori 40!

Fanya hivi. Uji uwe mzito: ukichota na kukiinamisha kijiko, uji ung'ang'anie, usichuruzike. Ongeza kijiko cha chai cha mafuta, na ukiweza pikia maziwa. Chupa iache kabisa. Inalazimisha uji uwe mwepesi, tena ni ngumu kuisafisha hadi kwenye chuchu, na kuharisha kunaweza kuwa kunatoka huko. Mlishe kwa bakuli na kijiko, ukae naye, usimharakishe. Milo mitatu hadi minne kwa siku, katikati yai, parachichi au ndizi mbivu badala ya biskuti.

Sasa huo mchanganyiko, ambao akina mama wengi tunauziwa tukiamini wingi ndio lishe. Mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele, ngano: zote sita ni nafaka, kazi yao karibu ni moja. Nafaka moja na jamii ya kunde moja zinatosha. Na soya hapo inanitia wasiwasi. Soya mbichi ina kitu kinachozuia kimeng'enya cha kongosho kinachosaga protini. Isipochemshwa kwanza, ikaanikwa na kukaangwa ndipo isagwe, protini yake haimfaidii mtoto na tumbo linaweza kumsumbua. Unayenunua kwake umewahi kumuuliza anaitayarishaje?

mama_neema
Sijawahi. Naona magunia yamepangana tu pale mashineni, anachota huku na huku anasaga.

mtu_wa_kondoa
Na karanga dada. Huku kwetu hatulisahau hilo. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 20 walifariki kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga. Kuchemsha uji hakuiondoi. Karanga nunua nzima, chagua mwenyewe moja moja, iliyosinyaa au yenye ukungu tupa, usimpe hata kuku. Saga kidogo kidogo, unga usikae miezi.

mjukuu_wa_ukerewe
Wewe uko Mwanza na dagaa wamejaa! Ila dagaa wengi huanikwa chini, wana mchanga. Waoshe kwenye maji ya uvuguvugu mara tatu nne, hadi ukipitisha kidole chini ya beseni usisikie chembe. Waanike tena juani, wakaange bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, twanga na chekecha. Kijiko kimoja kwenye uji au kwenye wali wake. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, ndiyo kalisiamu hiyo.

Halafu kimea. Bibi yangu alikuwa anafanya hivi kabla hatujasikia neno lishe. Loweka ulezi usiku mmoja, chuja, funika na kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi uchipue, anika, saga. Pika uji mzito kupita kiasi, uepue upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha kimea, koroga. Unalegea mbele ya macho yako bila tone la maji, kwa sababu kimea kinakata wanga. Rudisha jikoni uchemke tena, mpe.

mama_wa_pacha
Chai ya rangi ondoa leo. Inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Mtoto wangu mdogo alipungukiwa damu hivyo hivyo, chai na mandazi kila asubuhi.

nesi_wa_zamu
Nimesahau la muhimu. Usiishie kwenye uji. Rudi kliniki uombe apimwe mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe: chini ya sentimita 12.5 ni tahadhari, chini ya 11.5 ni hatari, anahitaji matibabu. Apimwe na damu. Uliza kama amepata vitamini A na dawa ya minyoo, vyote ni kila baada ya miezi 6. Akivimba miguu, akikataa kula, au akiharisha damu, usisubiri tarehe ya kadi.

mama_neema
Nimerudi, wiki ya tano hii. Mkono ulikuwa sentimita 13.1. Damu ilikuwa kidogo, amepewa dawa ya maji. Chupa nimetupa, siku tatu za kwanza alilia sana na kijiko akakipiga teke, ya nne akafungua mdomo mwenyewe. Sasa ni mahindi na maharage yaliyochemshwa na kuanikwa kabla ya kusagwa, mafuta, dagaa. Jana kilo 8.6! Gesi imepungua mno. Mama mkwe nilimweleza taratibu yale ya nesi kuhusu ziwa, akasema hata yeye alizaa wawili kwa karibu na wa kwanza alikonda. Hajataja kubemenda tena, na dagaa anatwanga yeye.

Swali: kimea kinakaa muda gani?

mjukuu_wa_ukerewe
Hongera sana! Tengeneza cha wiki mbili tu, kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Kikianza kunuka uvundo, mwaga.