Mchezo wa sauti, waigizaji sita, maiki moja na laki tatu: nianzie wapi?

Mtunzi_Tabata
Wakuu habari za muda huu. Nimeandika mchezo wa sauti, ndugu wanagombania shamba la marehemu baba yao kule Kisarawe, sehemu nane za kama dakika 20 kila moja. Waigizaji ninao sita, wengi watu wa kwaya, wawili washawahi kupanda jukwaani. Vifaa ni laptopu ya kawaida, maiki moja ya USB zile za kondensa, na hedifoni. Hela ni laki tatu na humo humo kuna nauli na msosi wa watu. Studio nimeulizia, laki tatu inakata hata sehemu ya pili haijaisha. Nawaza niongeze maiki nyingine ya USB, nibandike trei za mayai ukutani geto kwangu, kazi ianze. Sasa niwarekodi wote pamoja au mmoja mmoja? Na hiyo maiki ya pili ina maana au natupa hela?

Kifaru wa Ubungo
Mmoja mmoja mkuu. Kukusanya watu sita Dar siku moja saa moja ni ndoto, huyu kakwama foleni yule kapangiwa shifti. Kila mtu aje kwa muda wake asome sehemu yake, wewe unaunganisha kwenye Audacity, programu ya kurekodi na kukata sauti, ni ya bure. Mtu akikosea unakata kipande chake tu, wengine hawaguswi.

fundi_mitambo
Kifaru kwenye kukata uko sahihi ila huo ni ugomvi wa mirathi, watu wanarukiana maneno, sasa mtu akisoma peke yake ukutani atamkasirikia nani? Ukiunganisha utasikia kabisa kila mmoja anasubiri zamu yake. Mimi ningechukua watu wa sini husika tu, wawili au watatu. Na usirekodi kwa mpangilio wa sehemu, rekodi kwa watu: sini zote za kaka mkubwa na dada yake, kuanzia sehemu ya kwanza mpaka ya nane, zimalizike siku moja. Mjomba ambaye anatokea sini chache anakuja mchana mmoja tu, nauli moja, sahani moja ya wali.

Maiki ya pili ya USB usinunue. Audacity inachukua kifaa kimoja kwa wakati, na hata ukilazimisha kwa ujanja, kila maiki ya USB inatembea na saa yake ya ndani, rekodi ikiwa ndefu sauti ya mmoja inaanza kubaki nyuma ya mwenzake. Kama unataka mbili kweli unahitaji intafesi ya matundu mawili, kile kiboksi cha kuunganisha maiki na laptopu, pamoja na maiki za dainamiki, zile za waimbaji za kushika mkononi, na hao watu wako si wa kwaya? Ziazime hukohuko kwaya.

Trei za mayai achana nazo kabisa, kelele ya nje hazizuii, na mwangwi zinapunguza ule mwembamba wa juu tu, chumba bado kitavuma. Tena zinashika moto haraka. Chukua godoro lisimamishe NYUMA ya muigizaji, sio nyuma ya maiki, maana maiki inamtazama yeye na kila kinachogonga ukuta ulio nyuma yake kinarudi humo humo. Pembeni tundika mablanketi mazito.

Mama Redio
Mdogo wangu, fundi kakujibu vizuri sana, mimi naongeza ya upande wa waigizaji maana miaka hiyo ndo ilikuwa kazi yangu. Maiki moja si umaskini, michezo mingi ya redio ya zamani watu walisimama kuizunguka moja. Anayefoka arudi hatua moja na ageuze uso kidogo. Anayeingia kutoka nje aanzie mlangoni aje huku anaongea, hapo msikilizaji ameshauona mlango bila wewe kuhangaika na kompyuta.

Skripti usipige pini. Kila ukurasa uwe peke yake, mtu akimaliza anauachia udondokee kitandani, la sivyo utasikia karatasi mchezo mzima. Wakisomea kwenye simu, laini zizimwe, ule mtetemo wa simu inayotafuta mtandao unaingia kwenye rekodi.

Halafu hao ndugu, kama wawili ni wanaume wa umri mmoja msikilizaji atawachanganya. Mmoja apewe mwendo wa pole, mwingine kikohozi au tabia ya kucheka kabla ya kujibu. Na majina yatajwe mapema ndani ya maneno yenyewe. Badala ya msimulizi kueleza kwamba Shaka kaingia na panga, dada mtu aseme "Shaka, panga la nini kwenye kikao?" basi, yote yamo.

Mlio wa mfupa kuvunjika ni kipande cha muwa karibu na maiki. Kofi, piga kitenge kilicholoa mezani. Kikao cha ukoo, hao sita wote wasimame mbali wanong'one, rekodi, wabadilishane nafasi, rekodi tena, ukilaza moja juu ya nyingine unapata watu kumi na kitu. Ila kila mtu aongee lake, wakisema wote "pole sana" inasikika kwaya.

Mtunzi_Tabata
Daah asanteni, maiki ya pili nimeachana nayo. Shikamoo mama, hilo la panga naenda kuandika upya sini ya kwanza leo leo. Sasa kelele jamani, Tabata bajaji hazilali, na nikizima feni humo ndani tunaoka.

fundi_mitambo
Anzeni saa nne usiku. Feni izimwe wakati wa kurekodi, iwashwe kila mkimaliza sini, watu wanywe maji. Laptopu nayo iweke mbali na maiki, chaja ichomolewe, nyingine zinaingiza mvumo. Kabla ya kuanza wote mkae kimya nusu dakika na rekodi inaendelea, huo ukimya ndio utakaozibia mapengo ukikata, na Audacity inautumia kujua kelele ipi ipunguzwe. Usipunguze sana lakini, sauti inakuwa kama ya majini.

Weka WAV, faili la sauti lisilobanwa, biti 24, na anayefoka zaidi asivuke desibeli -6 kwenye mita ya Audacity, jaribuni kwanza ile sini ya kelele kuliko zote. Muigizaji wa mbali akikurushia sauti WhatsApp aitume kama dokyumenti, sio voisi noti.

Kifaru wa Ubungo
Na ukimaliza toa MP3 ya mono (chaneli moja), ubora wa 64 kbps unatosha maneno, dakika 20 ni kama MB 10. Watu wanasikiliza kwa bando hapa.