Mrejesho: masomo ya bure mtandaoni kwa mtoto wa mwanajeshi

Wapendwa, niliuliza namna ya kumsaidia binti yetu aliyebaki nyuma kwenye aljebra baada ya baba yake kuhamishiwa kambi ya jimbo lingine hapa Marekani. Asanteni sana. Tulianza na Tutor.com, huduma ya walimu wa mtandaoni: wakati huo familia za wanajeshi zilizostahiki hazikulipa, Wizara ya Ulinzi ndiyo iliyogharamia, na mwalimu alipatikana saa 24, hata usiku kazi ya nyumbani ilipogoma. Tena hakumpa jibu; alimwongoza kwa maswali, hatua kwa hatua, mpaka binti akaliona mwenyewe. Hilo nimelipenda mno. Mapengo ya madarasa ya nyuma binti anayaziba kwa video za Khan Academy, tovuti ya masomo iliyo bure kwa yeyote. Mnaotarajia kuhama, hakikisheni kama huduma ya Tutor.com bado ipo na kama mnastahiki, kisha mjisajili kabla ya kufunga mizigo.