Korona ndogo ya mkonge: tuisajili wapi kabla ya Nanenane?

Fundi_Pongwe
Wakuu, salaam. Karakana yetu hapa Pongwe imeunda korona ndogo, yaani mashine ya kuchakata mkonge, kwa wakulima wadogo. Ngoma na visu ni vilevile vya raspada yoyote (mashine ya kukwangua majani ili zibaki nyuzi), ila kitanda kilicho chini ya ngoma tumekiegemeza kwenye springi. Kitako kinene cha jani kikiingia, kitanda kinarudi nyuma. Ncha nyembamba ikifika, kinasogea karibu na ngoma. Nyuzi hazikatiki na nyama ya jani haibaki. Tunataka kuipeleka Nanenane Morogoro. Mmoja anasema niende COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mwingine anasema nijitumie michoro kwa rejista ya posta nisifungue bahasha. Jina la biashara limeshasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Inatosha?

MamaHataza
Haitoshi, mgosi. Bahasha isahau kabisa. Muhuri wa posta haumzuii mtu kuchomelea mashine kama yako.

COSOTA ni ya michoro, picha, video na kijitabu cha maelekezo. Hakimiliki inalinda ulivyochora na ulivyoandika, hailindi mashine inavyofanya kazi. Tena unayo tangu siku ulipochora, usajili unakupa ushahidi tu. Jirani akiifungua mashine, akaipima na kuchonga yake bila kugusa karatasi zako, hakimiliki haimgusi.

Unachotafuta ni hataza (patent, haki ya kuzuia wengine kuutumia uvumbuzi wako), na hiyo inaombwa BRELA kwa Sheria ya Hataza ya 1987. Ombi liingie kabla mashine haijaonekana hadharani, maana sharti la kwanza ni upya. Ukiiwasha Morogoro mbele ya watu, au kijana wa karakana akaitupia video kwenye status, mtoboa siri ni nyie wenyewe. Misamaha ya maonesho ipo kwenye sheria za nchi mbalimbali, lakini ina masharti na haifanani. Usiitegemee.

Korogwe_Kwetu
Niongeze kuhusu madai, yaani sentensi za ombi la hataza zinazotaja unachotaka kilindwe, maana ndipo wengi wanapoumia. Maelezo na michoro hufafanua tu. Madai ndiyo mpaka wa shamba. Ukiandika "springi 2 za chuma zenye unene wa milimita 8", jirani atafunga mpira wa tairi au ataning'iniza jiwe, na atakuwa nje ya hataza yako. Dai la kwanza liwe pana: kitanda kinachosukumwa na unene wa jani kikaachana na ngoma, pamoja na kitu cha kukirudisha, kiwe chochote. Springi na nati ya kurekebishia nafasi ziingie dai la pili na la tatu.

Ngoma na visu usividai, raspada ni kongwe. Kabla ya kulipia chochote pekua Espacenet na PATENTSCOPE, hifadhi za hataza mtandaoni, ni bure. Tafuta kwa alama D01B 1/00, ya kundi la kutenga nyuzi za mimea kwa mashine, usiishie kwenye neno "sisal", kwa sababu mashine ya nyuzi za mgomba yenye kitanda cha namna hiyo nayo inaua upya wako.

Ikionekana hatua ya uvumbuzi ni ndogo, yaani fundi mjuzi angeweza kuifikia kwa urahisi, kuna ile wengine huiita hataza ndogo (utility certificate). Haidai hatua hiyo, ila ni miaka 7 tu. Hataza kamili ni 10, huongezwa mara 2 kwa miaka 5 kila mara, na ina ada ya kila mwaka. Ada isipolipwa inaanguka, hata kama mashine inauzika vipi.

Na hataza ya hapa haivuki mpaka wa Horohoro. Una miezi 12 tangu ombi la kwanza kuomba Kenya, au kupitia ARIPO Harare (shirika la haki miliki la nchi kadhaa za Afrika), ukidai tarehe ileile.

Bandarini
Jina la biashara nalo si alama ya biashara (nembo au jina linalotambulisha bidhaa), ni usajili mwingine kabisa hata kama ofisi ni moja. Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa: mashine ziko daraja la 7, kamba na magunia la 22, mazulia la 27, na kila daraja lina ada yake. Jina kama "Mkonge Bora" litakataliwa, linasifu bidhaa tu. Alama ikikubaliwa hutangazwa kwenye jarida, watu wana siku 60 za kupinga. Kinga ni miaka 7, kisha unahuisha kwa 10. Kamba zenu zikivuka kwenda Pemba, Zanzibar wana msajili wao, BPRA. Cheti cha bara hakifiki huko.

Fundi_Pongwe
Shukrani sana. Swali dogo: wazo la springi lilitoka kwa mchomeleaji wetu, ni kibarua wa siku. Lina shida?

MamaHataza
Hilo si swali dogo hata kidogo. Aliyelibuni ndiye mvumbuzi, hata kama chuma na umeme ni vyenu. Kuchomelea alichoelekezwa kusingemfanya mvumbuzi, lakini hapa wazo ni lake. Mtajeni kwa jina kwenye ombi, na kabla ya kuliwasilisha mwandikiane mkataba wa kuhamisha haki: namba ya NIDA, kiasi atakacholipwa (au fungu kwa kila mashine), saini na mashahidi. Msimfiche mkidhani hataelewa. Mashine ikianza kuuzwa atapata wakili, na pingamizi lake litakuwa na mashiko.