Nyumba ya Kibokoni

*Alhamisi*

[20:04] Dada Zuhura: Asalaam aleikum nyote. Ile kompyuta ya Baba nataka Jumamosi iwe yawaka. Rukia ana kazi za shule za kuchapa, na pesa za saiba kila siku zatuumiza. Hamisi uje uiwekee Windows. Salim flashi. Mwanaisha chakula. Semeni ndio.

[20:31] Dada Zuhura: Watu kumi na wanne wamesoma!

[20:33] Mwanaisha: Dada, na feri ilivyo? Viazi karai vitafika vishapoa

[20:34] Salim: Tutavipasha juu ya kompyuta. Feni ile yatoa moto kama jiko la makaa 😂

[20:34] Mwanaisha: 😂😂😂

[20:40] Hamisi: Shangazi, Windows 11 haingii mle. Yataka TPM 2.0, kile kichipu cha usalama, na kompyuta ya Babu, OptiPlex 780, ni ya zamani, haina. Windows 10 nayo Microsoft walimaliza huduma yake ya kawaida 14 Oktoba 2025. Bora Linux Mint, mfumo mwengine badala ya Windows, ni ya bure. RAM ya GB 2 yatosha kuanzia na ile ina 4.

[20:41] Dada Zuhura: Majina hayo siyajui. Rukia ataandika na kuchapa au hatachapa?

[20:41] Hamisi: Atachapa. LibreOffice, programu ya kuandikia, imo ndani.

[20:42] Dada Zuhura: Basi weka. Jumamosi saa nne asubuhi.

[20:49] Hamisi: Ngojeni kwanza. Picha za Babu zilikuwa kwenye diski ile ile?

[20:58] Mwanaisha: Zilikuwa. Muulize kaka Salim.

[20:59] Salim: Haya, tushaanza.

[21:00] Dada Zuhura: Nilikwambia uzihamishe kwanza. Nimesimama pale mlangoni, umeikumbatia mashine, nikakwambia Salim zihamishe.

[21:02] Salim: Na mimi nilimwambia fundi aipe kasi tu, ilikuwa ikijivuta. Aliyefuta ni yeye. Elfu moja mia tano nikalipa peke yangu, hakuna aliyeuliza.

[21:03] Mwanaisha: Kama friji tu

[21:03] Salim: Friji isiingizwe humu.

[21:06] Hamisi: Ami Salim, alipoifuta aliweka Windows nyengine, au alikurudishia tupu?

[21:09] Salim: Tupu. Alitaka pesa zaidi ndio aweke. Sikurudi kwake.

[21:11] Hamisi: Alhamdulillahi! Hapo ndipo penye bahati yetu. Kama ni fomati ya haraka, hufuta orodha tu, picha zenyewe hubaki pale mpaka kitu chengine kiandikwe juu yake. Jumamosi tukiweka Linux, tutakuwa tunazifukia kwa mikono yetu. Tusiweke kitu!

[21:13] Hamisi: Nitaiwasha kwa F12, Mint iende kwenye flashi tu bila kuandika kwenye diski. Halafu PhotoRec, programu ya kutafuta picha zilizofutwa, ipekue diski yote ya GB 250, kila picha inayoipata iitoe kwenye hadi diski ya nje. Huenda ikachukua usiku mzima. Siahidi kitu.

[21:14] Mwanaisha: Na stima ikipotea usiku?

[21:14] Hamisi: Twaanza upya.

[21:15] Salim: Tokeni atanunua Mwanaisha, maana viazi hatuletei 😂

[21:16] Dada Zuhura: Acheni mzaha. Hamisi, kwa hiyo Jumamosi mtoto hachapi?

[21:16] Hamisi: Hachapi, shangazi. Na lengine, zitarudi bila majina. Zile folda za Babu, HARUSI YA ZUHURA, HIJA, hazirudi. Kila picha itaitwa f halafu nambari ndefu. Zaweza kuwa maelfu, zimechanganyika na vipicha vya intaneti.

[21:40] Rukia: Anayesema ni Bibi, mimi naandika tu. Asema majina ninayo mimi. Asema babenu kila akiweka picha alikuwa akiniita, nikae kwenye kile kiti cha plastiki, nimwambie huyu ni nani na ni mwaka gani, naye akipiga herufi moja moja kwa kidole. Asema hakuna atakayeigusa mashine mpaka picha zitoke. Rukia aandike kwa mkono, mimi pia niliandika kwa mkono. Na Salim kesho baada ya swala aje ale hapa. Tangu siku ile ameingia nyumba hii mara mbili.

[22:17] Salim: Sawa Mama.

[22:18] Dada Zuhura: Sawa Mama.

[22:20] Dada Zuhura: Hadi diski ya nje nani anayo? Isiwe chini ya GB 250.

*Ijumaa*

[06:48] Ami Athman: 🌹🤲 Ijumaa Karim kwa jamaa wote 🌹

[07:15] Dada Zuhura: Amin ami. HADI DISKI?

[08:02] Mwanaisha: Ya mume wangu imejaa filamu. Nitamuuliza akishashiba.

[09:30] Hamisi: Flashi ya GB 8 nimepata. Mint karibu GB 3, naipakua kwa waifai ya chuo. Yataka pia ile betri ya duara, CR2032, kila ukiizima saa yake yarudi nyuma miaka.

[13:52] Fatma: Nimesoma sasa hivi, nilikuwa kazini. Nina CD ya Windows 7, nije nayo leo jioni niiweke, Rukia achape?

[13:52] Dada Zuhura: FATMA SOMA JUU!!

[13:53] Hamisi: Shangazi Fatma tafadhali, hata usiichomeke

[14:20] Rukia: Ami Salim yuko hapa anakula. Simu ameiacha kwenye gari.

[14:21] Dada Zuhura: Muulize kama ana hadi diski.