Naomba ushauri: gorila mjamzito mwenye dalili za kifafa cha mimba

Habari wakuu. Gorila jike, mimba ya wiki 31, mkojo umeonyesha protini ++ mara mbili mfululizo. Mkojo unavutwa kwa sirinji kutoka sakafu iliyosuuzwa kwa maji matupu, maana mabaki ya dawa ya kuua vijidudu huweza kutoa jibu la uongo. Presha ni 150/95, imepimwa akiwa macho; amezoeshwa kutoa mkono.

Enalapril ya moyo imesitishwa, kwani huharibu figo za mtoto tumboni. Badala yake, dawa ya kushusha presha, nifedipini au labetalol: ipi humezwa kwa hiari?

Kinachotutisha zaidi ni dawa ya usingizi ya upasuaji. Ketamini hupandisha presha, jambo la hatari kwake. Waliowahi kumfanyia upasuaji mnyama wa hali hii walianza na mchanganyiko gani? Akishalala, atainamishwa ubavu wa kushoto ili mji wa mimba usibane mshipa mkuu wa damu. Magnesiamu salfeti, ya kuzuia degedege, ni kwa kipimo cha binadamu: gramu 4 kwenye mshipa kwa dakika 20, kisha gramu 1 kwa saa. Goti likiacha kuruka linapogongwa, yaani dawa imezidi, dripu inasimama na kalsiamu glukoneti inaingia.

Mapafu ya mtoto nayo yanahitaji dawa ya kuyakomaza: deksamethasoni ni sindano 4 za mg 6, kila saa 12. Betamethasoni ni 2 tu za mg 12, kila saa 24, kwa hiyo tunaielekea hiyo. Kuna aliyeitumia kwa gorila? Tafadhali jibuni mapema, presha inazidi kupanda.