Kidonda cha mwamba kimefura, nimpake nini?

binti_langoni:
Assalam aleikum wapendwa, naomba msaada. Mdogo wangu ni mzamia kamba, juzi ameteleza kwenye mwamba akachunika ugoko, hata hakujali akaendelea kuzama vile vile. Sasa mguu umefura unang'aa, ukiugusa wa moto, na analalamika mtoki. Mama kammiminia unga wa kapsuli, ile ya rangi mbili, umeganda juu kama simiti. Nimpake nini tena?

kisiwani_tu:
Pole. Sisi tulikuwa tunakamulia ndimu tu, unapiga kelele kidogo kishapo kinakauka. Vijana wa leo ngozi laini 😂

nesi_malindi:
Ami, ndimu tuwaachie samaki. Dada, hapo si pa kupaka tena, mtoki ukishauma ujue uchafu umetoka kidondani unapanda, huyo ataka dawa ya kumeza au sindano, na si vile vidonge viwili vya dukani. Mpelekeni leo. Unga uloweke kwa maji safi ulainike, kisha osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, maana chini yake usaha umejifungia. Spiriti hapana, inaunguza nyama nzima. Chukua biro uchore pale wekundu unapoishia, daktari aone unapanda kwa kasi gani. Na sindano ya pepopunda mara ya mwisho lini? Kidonda kichafu hivi, ikipita miaka 5 hurudiwa.

baharia_mstaafu:
Ana sukari? Au maradhi ya ini? Kuna bakteria wa maji ya chumvi wanaitwa Vibrio, kwa mtu mzima wa afya mara nyingi si tabu sana lakini mwenye sukari au ini bovu wanamwangusha upesi mno. Mukifika spitali semeni mapema kwamba kidonda ni cha baharini, kwa sababu dawa huenda ikabadilika, usingoje uulizwe.

binti_langoni:
Sukari hana. Pepopunda hakumbuki kabisa. Nimechora kabla ya adhuhuri, saa hii wekundu umeshapita mstari, tuko gatini twangoja boti. Yeye wasiwasi wake ni kuzama tu, eti kusi likikolea hakuna kazi.

nesi_malindi:
Mwambie mpaka ngozi ifunge. Na akirudi avae suruali nzito na viatu, si kaptula.

kisiwani_tu:
Allah amponye. Ndimu nimeacha.